Fungu la Nusu

Lukuledi, Masasi
4 Septemba 1943

Kwako mdogo wangu Romani,

Tumsifu Yesu Kristu. Mie dada yako Filomena ni mzima, mguu tu ndio unauma palepale ulipokuwa ukiuma, na ukiniuliza dawa nitakwambia dawa yake ni kuuzoea. Margareta mzima na wanawe watano. Yule wa mwisho ameota meno na anauma kila kitu mpaka fimbo ya padre. Mjomba Anselmo mzima, tena mzima sana. Arobaini ya mama tuliimaliza salama, watu wakala mtama na kisamvu wakashiba. Wewe hukuja. Tulisema ni hii vita, meli hazina nafasi. Basi.

Neno lenyewe ni hili. Mjomba amegawa bonde la mama. Amepiga vigingi mafungu manne. Lake yeye kama mkubwa wa ukoo, zima. La Margareta, zima, kwa kuwa ana watoto watano. Lako wewe, zima, kwa kuwa una mke na watoto na siku moja utarudi. Langu mie, nusu. Kwa nini nusu? "Filomena huna mtoto. Tumbo moja litalima bonde zima la nini?" Hayo ndiyo maneno yake, aliyasema mbele ya watu akitabasamu.

Romani, bonde lile nililisafisha mie. Miaka minane nimemuuguza mama na kung'oa visiki kwa mikono hii. Wakati huo tumbo langu halikuhesabiwa, ilihesabiwa mikono.

Nimekataa. Desturi yetu unaijua: jembe halishuki bondeni mpaka kila mrithi asimame ndani ya fungu lake apige jembe la kwanza mbele ya wenzake. Mmoja akikataa, wote wanakaa. Basi wote tumekaa, na mwaka jana mavuno yalikuwa haba, maghalani wanasikika panya tu. Mvua za kupandia ni Desemba.

Huko Temeke nasikia watu wa mtaa wamekuchagua wewe kuwagawia unga wa mgao kwa kuwa ni mtu wa haki. Njoo, au andika neno moja kwa mjomba. Wewe atakusikia.

Dada yako,
Filomena


Temeke, Dar es Salaam
2 Oktoba 1943

Dada mpendwa Filomena,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea baada ya wiki tatu, imelowa pembe moja lakini inasomeka. Sie huku hatujambo. Wifi yako Tabu anakusalimu sana, na watoto wawili wanaendelea vizuri na masomo. Nguo ndiyo taabu, kaniki haipatikani, na mchele tunausikia kwa jina. Poleni kwa arobaini. Nilikuwa na nia ya kuja.

Kuhusu bonde, nimesoma kwa makini. Dada, kugawa si kazi nyepesi, mie sasa naijua. Ukigawa sawa kwa sawa, mwenye watoto sita analia. Ukigawa kwa vinywa, mtu wa peke yake ananuna. Ukigawa kwa jasho, wazee na wagonjwa watakufa. Kila mtu anayo haki yake mfukoni, na kila mmoja anaamini ya kwake ndiyo ya Mungu. Huku kila Jumamosi asubuhi nasimama na kopo la kibaba mbele ya gunia, wenye vyeti vya mgao wanapita mmoja mmoja, vibaba viwili kila cheti. Nikimaliza mgongo unauma na hakuna aliyeniambia ahsante.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: likubali hilo fungu kwa sasa. Nusu shari kuliko shari kamili. Ukishapanda na kuvuna, mazungumzo yatakuwa rahisi. Fikiria na watoto wa Margareta.

Habari nyingine za huku ni za kawaida. Mpangaji mmoja wa uani kwa jirani, mwanamke, alifariki mwezi wa nane, wanasema ni homa. Mimi mwenyewe silali vizuri siku hizi. Tena kuna jambo dogo la ajabu kwenye gunia langu, nitakueleza tukionana.

Nafasi ya kuja sina. Ghala haliwezi kukaa bila mgawaji.

Ndugu yako,
Romani


Lukuledi
23 Oktoba 1943

Romani,

Mie mzima. Margareta mzima, lakini maziwa yamemkauka. Mjomba mzima. Nimekusalimu, nimemaliza.

Nusu shari kuliko shari kamili! Ebo! Umekwenda kusomeshwa na mapadre mpaka darasa la nane ili uje unisemee methali ambayo hata mjomba anaijua? Alinisemea hiyohiyo wiki iliyopita. Akaongeza na ya kwake. Mwalimu Benedikto alimfuata kumsihi alinganishe mafungu, mjomba akamjibu, "Mwacheni Filomena. Njaa itamrudisha." Alisema akichonga mpini, hakuinua hata macho.

Nikuulize mdogo wangu, umesahau sheria ya mama? Mhogo ukitoka jikoni, mmoja anagawa, na aliyegawa anatwaa la mwisho. Wewe ulikuwa unagawa kwa kupima na vidole, ulimi nje, kwa sababu ulijua lililo dogo litabaki kwako. Ndiyo maana ulikuwa unagawa vizuri. Haikuwa wema wako, ilikuwa ile sheria. Sasa mjomba yeye kigingi cha kwanza kilikuwa chake, na ndicho kilicho karibu na kisima.

Nimeona pia kwamba katika barua yako umetaja fungu langu, ukataja la Margareta, ukataja na watoto wake. Fungu lako zima hukuligusa. Kalamu ilikwepa, eeh?

Halafu huyo mwanamke. Umemwandika mstari mmoja. Mtu anakufa uani kwa jirani yako, nawe ni mtu wa kujua majina ya mtaa mzima kwa sababu unawaita mmoja mmoja kila Jumamosi, unaniambia "mpangaji mmoja." Hana jina? Na hilo jambo la gunia ni lipi? Nimekulea mgongoni, Romani. Ukificha kitu sauti yako inakuwa kama ya karani wa boma, na barua yako yote ilikuwa na sauti hiyo.

Filomena


Temeke
14 Novemba 1943

Dada Filomena,

Shikamoo. Watoto hawajambo. Tabu anakusalimu.

Jina lake Somoe. Alitoka Kimbiji mwezi wa tano na binti yake wa miaka sita, baada ya kufiwa na mume. Vyeti vya mgao viliandikwa mwezi wa tatu, kwa hiyo yeye hakuwa nacho. Alikuwa anafua nguo za watu, wakawa wanampa chakula; unga ulipopungua mjini wakaacha kumpa.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba alikuja akasimama mwisho wa mstari na kapu lake. Nilipotazama gunia nikaona halitafika. Nikauliza wenye vyeti: Je, nipunguze konzi moja moja ya unga kwa kila mtu ili na huyu apate sawa na wengine? Wakakataa. Konzi ile isingemuua mtu, dada. Mzee mmoja alisema waziwazi, "Nikilingana na asiye na cheti, changu cha nini?" Wengine wakaitikia. Niliona ni afadhali kwao yeye akose kabisa kuliko kulingana naye.

Mwisho kikabaki nusu kibaba. Nikammiminia. Akakitazama, akaniuliza, "Wenzangu umewapa ngapi?" Nikamwambia viwili, lakini wana vyeti. Akasema, "Nipe sawa na wenzangu, au usinipe kabisa." Nikamwambia ni hicho tu. Akainamisha kapu, unga ukarudi guniani, akaondoka na mtoto wake. Na mie nikasema, watu wote wakasikia: "Njaa itamrudisha."

Sasa umeelewa kwa nini kukujibu kumekuwa kuzito. Niliposoma maneno hayo katika barua yako, kwa mwandiko wako, niliiweka barua chini nikatoka nje.

Hakurudi. Wiki ya tatu wakamkuta asubuhi amekwisha. Mtoto alikuwa hai, amenenepa kidogo kuliko alivyokuja. Kila alichookota mama alimlisha yeye.

Jambo la gunia ni hili. Tangu Jumamosi iliyofuata baada ya mazishi, nikigawa nikamaliza watu wote, nikalikung'uta gunia, linabaki unga kiasi cha nusu kibaba. Nilidhani nimempunja mtu. Nikapima tena kwa kopo jingine, nusu. Wiki nyingine nikawajazia watu mpaka unga ukamwagika, nusu. Nikaongeza na wa kwangu wa nyumbani nikaugawa wote, nusu. Nimempa jirani, amekataa kuupokea. Nimewamwagia kuku, wamepita pembeni. Watu mstarini wamekwisha jua, sasa hawachungulii guniani, wanageuza uso. Mchana kweupe, dada, jua limewaka, na mie nyayo zimekuwa baridi.

Kaka yake, Mwinjuma, alikuja kutoka Kimbiji kumchukua mtoto. Mtu mpole. Aliniambia, "Nimesikia ndugu yangu alikataa unga. Mie namjua tangu utoto, hakuwa mtu wa kukataa chakula. Nieleze, alikataa nini?" Nikamwambia sijui.

Nakuomba kwa jina la mama, kubali hilo fungu. Nimeona mtu akifa kwa kukataa nusu. Sitaki kuona wa pili.

Ndugu yako,
Romani


Lukuledi
27 Novemba 1943

Mdogo wangu Romani,

Barua yako imefika upesi mara hii, dereva wa misheni aliitoa Lindi mwenyewe. Pole. Sikucheki wala sikukasirikii. Nimemwombea huyo Somoe kanisani, ingawa alikuwa Mwislamu. Sidhani Mungu anauliza cheti.

Hali ya huku si nzuri. Tunachimba mizizi ya ming'oko porini, na ya karibu imekwisha. Watoto wa Margareta matumbo yamevimba. Juzi alinijia na wote watano, akawaketisha mlangoni pangu. Nikamwambia, "Hunionei haya?" Akaniambia, "Dada, mie si niliyepiga vigingi." Kweli si yeye. Lakini analilima hilo fungu lake zima kichwani kila siku, mie namwona.

Nimechoka. Nikisimama macho yanaona giza. Jumatatu ijayo nimeazimia kwenda bondeni nikapige hilo jembe ndani ya nusu yao, yaishe. Mjomba atatabasamu, na nimejaribu kulizoea hilo tabasamu kama nilivyouzoea mguu.

Lakini kuna swali linaniwasha. Umeniandikia kila kitu cha siku ile: kapu, konzi, yule mzee, kaka mtu. Wewe mwenyewe una cheti, na vibaba vyako viwili. Siku ile ulivitwaa saa ngapi? Mwanzo au mwisho?

Nijibu hilo tu. Jumatatu nitaiahirisha mpaka nipate jibu, na Mungu anisamehe kwa watoto wa Margareta.

Filomena


Temeke
9 Desemba 1943

Dada,

Mwanzo.

Nilifungua gunia alfajiri kabla watu hawajafika, nikapima vinne. Viwili vya cheti changu, na viwili nilijiambia ni vya jasho, kwa kuwa mgongo unauma na hakuna anayeshukuru. Nilivipeleka nyumbani, nikarudi, ndipo nikafungua mlango. Nilikuwa nafanya hivyo tangu mwezi wa tano. Gunia lilikuwa linatosha, dada. Pasipo vile viwili vya ziada, Somoe angepata sawa na wote na nusu kibaba kingebaki. Niliuliza watu wapunguziwe konzi moja moja huku nikijua unga wake uko chini ya kitanda changu. Walipokataa nilifurahi, kwa sababu sasa ubaya ulikuwa wao.

Sasa unajua. Hata Tabu hajui. Alidhani mgawaji hupewa zaidi.

Nimeacha kutwaa ziada tangu alipokufa. Haijasaidia. Jumamosi iliyopita nusu ilikuwepo.

Usichelewe tena, nenda bondeni. Mie ndiye niliyemuua yule kwa nusu, na wewe usinifanye nimuue dada yangu kwa kukaa kimya. Barua hii ichome moto ukishaisoma. Nakuomba sana uichome.

Romani


Lukuledi
24 Desemba 1943

Kwako Romani,

Heri ya Noeli kwako, kwa Tabu na kwa watoto. Mvua imeanza juzi, kubwa, bonde limelegea linanukia. Sie wote tu hai. Mtoto wa nne wa Margareta alizidiwa lakini amerudi.

Sikuichoma. Mvua ilipoanza nilishindwa kungoja jibu lako; nilikuwa nimekwisha funga kanga kiunoni kwenda kuipokea nusu yangu, jembe begani, ndipo Mwalimu Benedikto akanikimbilia na barua. Niliisoma nimesimama njiani. Nilipoimaliza, nusu sikuitaka tena. Wewe uliandika ili nikubali. Mie nikamwona yule mwanamke amesimama peke yake na kapu lake mbele ya mtaa mzima, hakuna hata mmoja aliyemwambia "una haki," nikaona nikikubali nitakuwa nimejiunga na mstari ule.

Basi nilikwenda bondeni, nikawasomea. Yote, tangu "Mwanzo" mpaka jina lako. Mjomba, Margareta, watu wa ukoo, wote wamelowa mvua. Iliniuma, Romani, kwa kuwa wewe ni damu yangu na ulinisihi. Nilipofika pale ulipofurahi walipokataa, Margareta akaanza kulia kwa sauti. Akaenda kwenye fungu lake, akang'oa kigingi, akasema, "Pimeni upya, mie siwezi." Na mjomba? Hakuomba radhi, usimtarajie. Lakini alikwenda na yeye akang'oa cha kisimani.

Wamepima upya. Margareta zima. Mjomba zima, mbali na kisima. Mie zima.

Nusu wamekupa wewe. Mjomba alisema hukulisafisha bonde, hukumuuguza mama, hukuja arobaini, na kwamba mtu aliyetwaa kwanza huko sasa huku atwae la mwisho. Akauliza kama kuna wa kukusemea. Margareta alinitazama. Na mie nilinyamaza.

Nimekufanyia hivyo nikijua uchungu wake. Desturi ni ileile. Jembe halijashuka. Wamekubali neno lako kwa barua lihesabiwe kama jembe la kwanza, nami nitalipiga kwa niaba yako. Ukikubali tunalima siku hiyohiyo. Ukikataa tutakaa sote, na hakuna atakayekulaumu, mie wa kwanza. Muda wa kupanda uliobaki ni wiki nne.

Jibu upesi.

Dada yako,
Filomena


Temeke
8 Januari 1944

Dada Filomena,

Shikamoo. Sie hatujambo, heri ya mwaka mpya kwenu. Meli inaondoka mchana huu, kwa hiyo naandika nikiwa nimesimama hapa posta.

Nimekubali. Mwambie mjomba nimekubali, na wewe nipigie jembe. Limeni.

Nimemwambia Tabu kila kitu. Kazi ya kugawa nimeirudisha kwa watu wa mtaa, wamemchagua mwingine. Kesho kutwa nakwenda Kimbiji kwa Mwinjuma nikajibu swali lake, sijui atanifanya nini.

Lakini sitaki kukuficha jambo tena. Jibu hili si la kwanza. Barua yako niliisoma tukiwa tumetoka kula, wali siku hiyo, wa kwanza tangu Septemba. Niliposoma "nusu wamekupa wewe" nilitafuta kalamu palepale. Niliandika kurasa mbili za kukataa. Nilisema mie ni mtoto wa mama kama ninyi, nilisema ni heri bonde liote majani, nilisema ni heri tufe wote. Niliandika hivyo, dada, na niliamini. Kutwa nzima nilitembea nazo mfukoni, na saa ya meli ya kwanza ikapita. Nimezichana leo asubuhi.

Mie nimeshiba, nina kazi, nina cheti, na hilo fungu sikuwahi kulilima hata siku moja. Bado nusu ile ilinishinda kuimeza. Somoe alikuwa hajala tangu jana yake, na mtoto amemshika kanga. Alipogeuka kuondoka watu walicheka. Nami nilicheka nao.

Romani